Ninavyoishi na kichwa kinachoniamsha saa nane usiku

Kichwa changu hakiumi ovyoovyo. Kinanikuta usingizini, mara nyingi saa nane usiku, upande wa kulia tu, nyuma ya jicho. Dakika chache baadaye jicho limeiva, machozi yanachuruzika, kope imelegea, na tundu la pua la upande huohuo limeziba. Kushoto hakuna kitu. Baada ya saa moja na ushei kinaachia ghafla, nabaki nimelowa jasho. Kesho yake, saa ileile, kinarudi. Huenda hivyo kwa wiki kadhaa, kisha kinapotea miezi mingi.

Kabla ya kujulikana ni nini nilizungushwa sana. Niliambiwa ni sainasi, nikanywa antibayotiki. Nikaambiwa ni macho, nikavaa miwani. Kwa kuwa maumivu yalishuka hadi kwenye taya, niling'olewa gego ambalo halikuwa na tatizo lolote. Nyumbani Tanga wazee wakasema jambo linalokuja kwa saa yake usiku si la hospitali; nikasomewa, nikanywa kombe. Sina kinyongo nao, maana ndio waliokesha nami. Kilichotuchanganya sote ni kwamba kila tiba ilionekana kusaidia, kumbe msimu ulikuwa unaisha wenyewe.

Aliyefungua njia ni daktari wa mishipa ya fahamu, Dar es Salaam. Aliuliza, "Kikikushika, unalala au unatembea?" Mke wangu akawahi kujibu: "Anazunguka uani, daktari, na kichwa anakigonga ukutani." Mwenye kipandauso kwa kawaida hutafuta giza alale atulie. Mimi siwezi hata kukaa. Nikapigwa picha ya MRI ili kuhakikisha hakuna uvimbe ndani, kisha nikaambiwa ni maumivu ya kichwa ya klasta, yaani yanayokuja kwa mafungu. Huwapata takriban mtu 1 kati ya 1,000. Shambulio moja hudumu dakika 15 hadi 180, na kwa siku yanaweza kufika 8. Maumivu haya yanahusishwa na haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayoongoza saa ya mwili. Kusikia hivyo kulinipa nguvu: ikiwa kina saa yake, basi naweza kukisubiri nikiwa tayari.

Silaha yangu kubwa ni oksijeni. Si ile ya mrija wa puani. Inatakiwa oksijeni safi, lita 12 hadi 15 kwa dakika, kwa barakoa yenye mfuko inayobana uso vizuri. Mashine nyingi za nyumbani za kuchuja oksijeni kutoka hewani hazifiki huko, hivyo nilihitaji mtungi wa hospitali na mita yake, kwa cheti cha daktari. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2009 ulionyesha kwamba kwa oksijeni ya lita 12, asilimia 78 ya mashambulio yalitulia ndani ya dakika 15; kwa hewa ya kawaida ni asilimia 20 tu. Kwangu siri ni kuwahi. Nikisikia jicho linaanza kuvutwa, nakaa ukingoni mwa kitanda, nainama mbele, viwiko juu ya magoti, nafungua mtungi, navuta hadi mfuko unywee, natoa yote, navuta tena. Nikichelewa, inanisaidia kwa shida. Mtungi unakaa mbali na jiko, sigara na chetezo cha udi, kwa sababu oksijeni huchochea moto. Na watu wakinielekeza kwa mafundi wa kuchomelea nakataa: mtungi ule si wa kuvutia pumzi.

Ipo pia sindano ya sumatriptani ya miligramu 6 chini ya ngozi, nayo hufanya kazi haraka, ila haimfai mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, na mimi kuipata ni kazi. Vidonge vya kawaida vya maumivu havinisaidii. Hadi vichanganye damuni, shambulio limeshapita.

Msimu ukianza natumia verapamili kila siku ili kupunguza mashambulio, na siku za mwanzo prednisoloni kwa muda mfupi wakati verapamili haijashika. Kabla ya kuanza, na kila dozi inapopandishwa, napimwa umeme wa moyo, kwa sababu verapamili inaweza kuchelewesha mapigo. Inanifunga choo, hivyo mapapai na maji havikosekani. Msimu ulipoangukia Ramadhani, daktari alinibadilishia vidonge vinavyotoa dawa polepole. Nisingethubutu kupanga saa za dozi mwenyewe.

Pombe hata kidogo huamsha shambulio ndani ya msimu. Mimi situmii, lakini usingizi wa baada ya adhuhuri nimeuacha, na petroli na rangi mbichi nazikimbia. Nina daftari: saa kilipoanza, kilipoachia, nilichotumia.

Kuna usiku nilitamani nife. Nilimwambia mke wangu waziwazi, kisha nikamwambia daktari, na tukakubaliana kwamba wakati wa msimu silali peke yangu. Kama uko hapo, mwambie mtu usiku huohuo. Kazini nako nilimweleza mwalimu mkuu. Vipindi vya asubuhi wenzangu hunipokea.

Na kama ni ndugu yako anayezunguka uani hivyo, mwombe ruhusa umrekodi kwa simu: jicho, kope, mwendo. Mchana kliniki atakuwa mzima kabisa, na daktari hatakuwa na cha kuona isipokuwa hiyo video na daftari. Lakini maumivu yakimlipukia kwa mara ya kwanza maishani, au yakija na homa, shingo kukakamaa au mkono kukosa nguvu, usianze kurekodi. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo.