Maji yakifika kwenye ngalawa

Kifungua mimba wangu alikuwa na miaka minne tulipompeleka Diani, pwani ya kusini ya Kenya, kwa mara ya kwanza, Agosti 2015. Sisi ni watu wa Nakuru. Bahari tuliijua kwa picha za kalenda, na mimi kuogelea sikujua kabisa. Nilikuwa na mimba ya miezi sita, miguu imevimba, na ukweli ni kwamba nilichagua hoteli yenye klabu ya watoto ili nipate kulala.

Asubuhi ya kwanza nilifanya kosa ambalo mpaka leo naona wazazi wenzangu wakilifanya. Nilimkalisha mbele ya karatasi na rangi, nikangoja azame kwenye kuchora, kisha nikanyata nikatoka. Alipoinua kichwa hakuniona. Kilio chake nilikisikia nikiwa mgahawani, kikombe cha chai bado mkononi.

Mlezi wa klabu, mama wa makamo kutoka Ukunda, alinivuta kando kwa upole. "Mama, usimtoroke. Muage, akuone waenda. Na umwambie warudi lini." Nikamwambia mtoto wa miaka minne hajui saa. Hakubishana nami. Alimshika mwanangu mkono, tukaenda sote watatu hadi kwenye ukuta mdogo unaotenganisha bustani na ufuo. Maji yalikuwa yamekupwa, mchanga uko wazi hadi mbali, na ngalawa moja imeegemea tengo lake la upande mmoja, ule mti wa pembeni unaoizuia isipinduke, kana kwamba imechoka. "Waiona ngalawa ile? Maji yakiifika, mamako huyu hapa."

Siku hiyo maji yaliifika karibu na saa sita, nami nikawa nimesimama pale. Kesho yake nilirudi wakati uleule, nikitaraji atanirukia. Alinitazama, akatazama bahari, akasema, "Bado mama, maji hayajafika." Akaendelea na mchezo. Mlezi akanieleza kwamba kila siku maji huchelewa kwa dakika hamsini hivi kuliko jana yake. Nikakaa kwenye kivuli cha mkwaju nikangoja bahari, kama tulivyoahidiana. Mtoto ambaye jana alikuwa akilia alikuwa ameipokea ile ahadi kuliko nilivyoipokea mimi niliyeitoa.

Tangu hapo tumerudi pwani karibu kila Agosti. Desemba bei hupanda mno, kwa hiyo tunaanza kuweka akiba kwenye chama mwezi wa Januari na kwenda wakati wa upepo wa kusi. Mwani hujaa ufuoni siku hizo na upepo una nguvu, lakini ndani ya mwamba, yaani kati ya ufuo na miamba ya matumbawe, maji hutulia na watoto hawachomwi sana na jua. Binti yangu aliyezaliwa mwaka ule tulienda naye pamoja na yaya, maana hoteli nyingi tulizofikia klabu zao hupokea watoto wa miaka minne hadi kumi na miwili.

Sikuhizi kabla sijamwacha mtoto popote, naenda kuketi klabuni mchana wa siku ya kufika. Nahesabu watoto, nahesabu walezi. Natazama kama kuna daftari la kutia sahihi, na kama wanauliza nani ameruhusiwa kumchukua mtoto. Natafuta bwawa liko wapi na lango lake linafungwaje. Mwaka mmoja, kwenye hoteli ambayo sitaitaja, nilimkuta kijana mmoja peke yake na watoto karibu ishirini, televisheni imewashwa na mlango wa bwawani uko wazi. Nilimtoa mwanangu siku hiyohiyo, nikamweleza meneja kwa utulivu. Tulilipia siku tano, na klabu hatukuitumia. Fedha iliniuma, lakini sijawahi kujuta.

Jambo lililonichukua muda mrefu kulielewa ni kwamba klabu haimfundishi mtoto kuogelea. Inampa michezo ya majini tu, na maboya ya mikononi humpa mzazi moyo ambao hapaswi kuwa nao. Tuliporudi nyumbani mwaka wa pili nikamwandikisha kwa mwalimu wa kuogelea hapa Nakuru, kila Jumamosi. Mwaka 2018, tulipopanda treni ya Madaraka Express kwa mara ya kwanza na kuvuka Likoni kwa feri na mabegi yetu, alikuwa na miaka saba na aliweza kuvuka bwawa bila kushika ukingo. Ndipo akaniuliza, "Wewe mbona huingii?" Sikuwa na jibu. Nilijiandikisha kwa mwalimu yuleyule nikiwa na miaka thelathini na minane.

2019 alikanyaga mnyama wa miiba myeusi. Walikuwa wamekwenda kutembea mwambani na klabu, siku ya bamvua, wakati maji hukupwa sana kwenye saa nne asubuhi. Alikuwa amevua viatu vya raba kinyume na alivyoambiwa. Nilipofika alikuwa amelala kwenye mkeka, uso umekunjamana, na unyayo una vidoti vyeusi kumi na moja, nilivihesabu. Mlezi alikuwa ameshakata papai bichi na anadondosha utomvu wake mweupe kwenye kila kidoti, polepole, akimwambia ahesabu naye. Baadaye tulimpeleka zahanati kumtoa vipande vilivyobaki. Nilitaka kumkataza mwamba. Baba yake akasema tumkataze kuvua viatu. Kesho kutwa alirudi mwambani, viatu vimefungwa kamba mara mbili.

Ningemzuia mwaka ule, asingeyajua aliyoyajua kufikia miaka kumi na mmoja: kwamba tumbawe hai halikanyagwi, kwamba siku za maji mafu, yasiyokupwa sana, hakuna haja ya kwenda mwambani, kwamba mbega wa Diani huvuka barabara kwa ngazi za kamba zilizotundikwa juu ya magari. Mambo hayo aliyabeba nyumbani, na mdogo wake akayajua kabla ya kuyaona.

Umri wake wa miaka kumi na miwili ulikuwa mgumu. Klabu ilikuwa bado yake kwa umri, lakini magoti yalikuwa hayaingii chini ya vile viti vidogo. Alitoka siku ya kwanza akakaa chumbani na simu. Nilikaribia kumlaumu. Kisha nikaenda kuzungumza na mlezi wa hapo, kijana wa Msambweni, nikamuuliza kama mtoto huyu anaweza kuwafuata kwenye matembezi ya mwambani akiwa wa nyuma kabisa. Akakubali, kwa sharti kwamba yeye mwenyewe na mwenzake ndio wasimamizi na mwanangu awe wa kushika mkono tu. Alirudi saa saba, mchanga hadi masikioni, akanieleza kwa urefu kuhusu mtoto wa miaka minne aliyekuwa akimlilia mama yake njia nzima. Nikamuuliza alifanyaje. "Nilimwonyesha ngalawa," akasema, halafu akaomba chipsi.

Mwaka huu ana kumi na nne. Hoteli inamlipisha karibu bei ya mtu mzima, na asubuhi anajifunza kusimama kwenye ubao unaovutwa na tiara, upepo wa kusi ukiwa mzuri. Nakaa mahali ninapomwona. Binti ana tisa. Huyu hakulia hata siku ya kwanza. Yeye ndiye aliyenifukuza mlangoni. Amebakiwa na miaka mitatu ya klabu, na tumepatana kwamba Agosti ijayo ataogelea baharini, ndani ya mwamba, mimi nikiwa kando yake. Jumamosi zote mbili zilizopita za mwezi huu tumefanya mazoezi ya kuelea chali, yeye na mimi, mkono wangu ukiwa chini ya mgongo wake, bila kuugusa.