Rupia ya mizani juu ya ramani

Alasiri ya Jumapili, tarehe 25 Januari 2015, tulikuwa watu wanane tumeizunguka meza moja huko Jersey City, ng'ambo ya mto Hudson ukitazama Manhattan. Tulikuwa tukikutana hivyo mara moja kwa mwezi, kwenye chumba cha nyuma cha duka la mwenzetu, kila mtu na kisanduku chake cha sarafu na lenzi yake mfukoni. Siku hiyo visanduku vilibaki vimefungwa kwa muda mrefu. Kila simu iliyolia ilileta habari ya theluji.

Meya wa New York, Bill de Blasio, alikuwa ameshawaambia watu kwamba dhoruba inayokuja huenda ikawa miongoni mwa kubwa kabisa katika historia ya mji ule. Utabiri ulitaja inchi 20 hadi 30, yaani kiasi cha sentimita 50 hadi 75, kuanzia Jumatatu mpaka Jumanne. Mmoja wetu alikuwa ametoka kununua maji na mishumaa, na akatuambia kwamba kwenye rafu za mikate hakukuta hata mkate mmoja.

Mimi nilikuwa na wasiwasi wangu mwingine. Jumanne ile nilikuwa niuze rupia ya bibi yangu.

Ni rupia ya fedha ya mwaka 1888, iliyopigwa Birmingham kwenye kiwanda cha Heaton kwa ajili ya Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, ile iliyopewa ukanda wa pwani yetu kabla serikali ya Uingereza haijauchukua yenyewe. Ina mizani, ina neno MOMBASA, ina mwaka, na ina herufi H ndogo ya kiwanda. Bibi aliiweka ndani ya kasha lake pale Mji wa Kale, imefungwa kwenye kipande cha kanga, pamoja na reale mbili za Maria Theresa. Wanawake wengi wa zamani walizitoboa rupia wakazivaa shingoni, na sarafu iliyotobolewa mkusanyaji haitaki. Ya bibi haikutobolewa. Aliponipa, nikiwa na miaka kumi na miwili, aliniambia neno moja tu: "Itunze." Nikaitunza miaka ishirini na sita, nikavuka nayo bahari.

Lakini mamangu alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. La kulia lilikuwa limeshafunga, na daktari wa Mombasa alitaka pesa kabla ya mwezi kwisha. Mnunuzi alikuwa mwalimu mstaafu, mama wa makamo kutoka Islip, kwenye kisiwa cha Long Island, mashariki ya New York. Alikuwa akitafuta rupia hiyo kwa miaka, na bei aliyotaja ilikuwa ya haki. Tulikubaliana Jumanne.

Katika kikundi chetu alikuwemo mzee mmoja aliyefanya kazi ya utabiri wa hali ya hewa maisha yake yote, akastaafu. Sisi tulimwita Mzee, hata Wamarekani wenzake walijifunza kumwita hivyo kutoka kwangu, wakilitamka neno kwa namna yao. Alikusanya dola za fedha za Morgan, na aliyoipenda kuliko zote ni ya 1888. Si kwamba ni adimu. Aliipenda kwa sababu ya mwaka wake.

"Lete hiyo yako," aliniambia. Akaiweka dola yake kando ya rupia yangu. Dola ni kubwa, imeizidi rupia kwa karibu milimita nane. Zilipigwa mwaka mmoja, na bahari nzima kati yao.

Ndipo akatusimulia dhoruba ya Machi 1888. Wakati ule kazi ya utabiri ilikuwa mikononi mwa jeshi, Kikosi cha Ishara, na wakazi wa New York waliambiwa watarajie mvua kidogo, kisha anga ing'ae. Jumapili tarehe 11 mvua ikanyesha kweli. Usiku wa manane ikageuka theluji, upepo ukakaza, na Jumatatu watu walitoka kwenda kazini kama kawaida, wengine wakafia njiani. Waliokufa katika eneo zima la mashariki wanahesabiwa kuwa kama 400, nusu yao New York. Nyaya za simu na telegrafu zilizokuwa zimetandazwa hewani zilianguka kwa wingi, na ndiyo sababu moja ya mji ule kuzifukia nyaya chini ya ardhi, na baadaye kujenga treni ya chini ya ardhi, iliyofunguliwa 1904.

"Wenzangu wa 1888 hawakusema," Mzee alisema. "Mtu anayefanya kazi hii akiwa na habari ya dhoruba hiyo kichwani hawezi kunyamaza tena."

Kisha akaomba ramani. Mwenye duka akamtandazia ramani ya barabara ya pwani yote, kutoka Washington mpaka Maine, nasi tukaondoa vikombe. Mzee akachukua peni ya Uingereza. "Hii ni modeli ya Ulaya," akasema, yaani ile hesabu ya kompyuta inayotabiri hali ya hewa, kwa kuwa kituo chake kiko Reading, Uingereza. Akachukua robo dola ikawa modeli kuu ya Marekani, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imefanyiwa marekebisho katikati ya mwezi ule. Senti kumi akaifanya modeli nyingine ya Kimarekani, ile ya siku chache. Kila sarafu akaiweka baharini, mahali ambapo modeli yake ilisema kitovu cha dhoruba kitapita. Peni na senti kumi zilikuwa karibu na pwani. Robo dola ilikuwa mbali zaidi, upande wa mashariki.

"Sasa nipe dhoruba yenyewe." Akanyosha mkono, akaichukua rupia yangu.

Aliisogeza polepole juu ya bahari, kutoka kusini kupanda kaskazini, na mizani imetazama juu. Ikipita kwenye peni, alisema, New York inazikwa. Ikipita kwenye robo dola, New York inapata theluji ya kawaida na Long Island ya mashariki ndiyo inazikwa. Akapima kwa macho nafasi kati ya njia hizo mbili. Haikuzidi sana upana wa rupia ile.

"Kwenye ramani hii, rupia moja na kidogo," alisema. "Huko baharini ni kilomita themanini, labda mia moja. Dhoruba yenyewe ina upana wa mamia ya kilomita. Ukingo wake wa magharibi ndio umekatika kama kisu."

Mtu akamuuliza, angekuwa bado kazini angefuata ipi? Hakusita. Angefuata ya Reading. Hakuna aliyembishia, maana sote tulikumbuka Oktoba 2012, kimbunga Sandy, jinsi modeli ile ilivyoonyesha karibu wiki nzima kabla kwamba kimbunga kitapinda kushoto na kuipiga New Jersey. Mimi mwenyewe nilibeba ndoo za maji kutoka kwenye chumba cha chini cha nyumba ya jirani siku tatu mfululizo. Baada ya jambo kama hilo, mtu akikuambia peni inasema hivi, unaiamini peni.

Akaniuliza kwetu watu hutabiri vipi. Nikamwambia kuhusu babu, aliyekuwa baharia wa majahazi: kwamba alihesabu siku kutoka Nairuzi, kumi kumi, mwongo kwa mwongo, na kwa hesabu hiyo alijua wakati wa kaskazi kuingia na wakati wa kusi kufunga bahari. Mzee alitaka kujua zaidi, akaandika neno "mwongo" kwenye daftari lake. Akaniuliza kama babu aliwahi kukosea. Nikamwambia kwamba babu hakutaja siku, alitaja mwongo. Akanitazama kwa muda, akapiga mstari chini ya lile neno.

Jumatatu theluji ilianza. Gavana Andrew Cuomo alitangaza kwamba saa tano usiku treni za chini ya ardhi zitasimama. Halijawahi kutokea tangu 1904, kufungwa kwa sababu ya theluji. Magari nayo yakapigwa marufuku barabarani. Mimi nilikuwa na zamu ya usiku Manhattan, nikaikosa, na pesa ya usiku ule nikaikosa nayo. Nikampigia mama. Kwake ilikuwa alfajiri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimesikia redioni mtafunikwa. Una chakula?"

"Ninacho mama. Ila yule mama wa rupia hawezi kuja kesho."

Akanyamaza kidogo. "Basi usiiuze," akasema. "Jicho moja laiona njia."

Sikulala. Niliitoa rupia nikakaa nayo kitini pale dirishani, taa ya barabara ikimulika chembe za theluji. Nilikuwa nikingoja ziwe nzito. Kila nilipotazama, gari lililoegeshwa mbele ya nyumba lilikuwa bado gari. Saa nane usiku niliona vioo vyake. Saa kumi na moja niliona vioo vyake.

Asubuhi theluji haikufika goti. Bustani ya Central Park, ambako kipimo cha mji huchukuliwa, mwishowe iliandikiwa inchi 9.8, sentimita 25. Dhoruba ilikuwa imepita kwenye robo dola.

Nilivaa buti nikaenda kwa Mzee, mitaa miwili kutoka kwangu. Nilimkuta uani amechuchumaa mbele ya ubao mweupe aliouweka chini tangu jana, rula mkononi. Alikuwa akipima kila baada ya saa sita, kama wanavyotakiwa kufanya, akisoma mpaka sehemu ya kumi ya inchi, kisha akifuta ubao ukawa safi. Nilimjua kwa namna alivyoshika sarafu, kingoni tu kwa ncha za vidole, asiguse uso. Rula aliishika vilevile.

Hakunisalimia. Alinyoosha simu yake nikasoma. Gary Szatkowski, mkuu wa kituo cha hali ya hewa cha Mount Holly kinachohudumia Philadelphia na sehemu kubwa ya New Jersey, alikuwa ameandika usiku ule hadharani kuomba radhi. Alisema watu walifanya maamuzi magumu wakitegemea kwamba wao watapatia, nao hawakupatia.

"Huyu ndiye mwenye heshima," Mzee alisema. Macho yake yalikuwa mekundu, na si kwa baridi peke yake. "Mji mzima unamtukana. Juzi mliniuliza ninyi, nikasema peni. Na mimi nakuomba radhi. Umekosa zamu yako."

Nilimwambia sikubali. Nilimwambia kwamba rupia niliiona ikisogea kwa macho yangu, kwamba alituonyesha robo dola na akaipa nafasi yake mezani, na kwamba sisi ndio tulioondoka pale tumebeba tarakimu moja tu, inchi 30, tukaziacha sarafu nyingine mezani. Hilo naliamini mpaka leo. Baadaye siku ile mkuu wa idara yao ya taifa, Louis Uccellini, naye alikiri kwamba wanapaswa kuueleza umma vizuri zaidi kiasi cha mashaka kilichomo ndani ya utabiri. Mzee alikuwa ameshalifanya hilo Jumapili, kwa chenji, mbele ya watu saba.

Mchana simu ikalia. Ni yule mwalimu wa Islip. Mlango wake wa mbele haufunguki. Kwake ilianguka zaidi ya sentimita 60, na upepo umeirundika mpaka kwenye kitasa. Boston walipata kiasi kama hicho, na Worcester zaidi ya sentimita 80. Modeli ile ya Ulaya ilikuwa imeiona dhoruba yenyewe barabara, siku kadhaa kabla. Kilichokosewa ni upana wa sarafu. Mwalimu aliniomba nisimuuzie mtu mwingine. Nikamwambia nitamngoja.

Alikuja Jumamosi, tarehe 31. Tulikutana mezani palepale, na Mzee alikuwepo kwa sababu nilimwomba awepo. Mwalimu aliitazama rupia kwa lenzi, akaipima, akahesabu pesa, wala hakuomba apunguziwe hata dola moja. Nilimweleza habari ya bibi na kasha na kipande cha kanga. Akaniuliza jina la bibi, akaliandika.

Sisi wakusanyaji huweka sarafu kwenye kikadi cha mraba chenye dirisha la plastiki, na pembeni huandikwa kwa penseli ilikotoka. Kabla sijaitia ndani, Mzee aliomba kile kikadi. Aliandika kwa herufi zake ndogo za kitaalamu: "Januari 26–27, 2015. Central Park 9.8."

Mwalimu akasoma. Akaomba penseli, na chini ya mstari ule akaandika: "Islip 24.9."

Usiku huo nilituma pesa Mombasa.