Kipande cha Pipa kutoka Haro

Mwezi Februari mwaka 2012 nilishuka kwenye treni katika stesheni ndogo ya Haro, kaskazini mwa Hispania, nikiwa nimevaa makoti mawili, na kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa mizabibu isiyo na jani hata moja. Mimi nimezaliwa katika kijiji cha wakulima wa zabibu karibu na mji wa Dodoma, ambako mzabibu haulazwi na baridi, bali huamshwa kwa mkasi wa kupogolea na kuvunwa mara mbili kwa mwaka. Kwa hiyo vile visiki vyeusi vilivyojikunja kando ya reli, ardhi ikiwa imeganda na theluji ikionekana juu ya milima, nilivitazama kama mtu anavyomtazama mgonjwa. Nilikuwa na miezi mitano tu mjini Logroño, nikisomea utengenezaji wa mvinyo, na siku hiyo tulikuwa tumepata nafasi ya kutembelea kiwanda cha López de Heredia, mimi na mwanafunzi mwenzangu mwenyeji wa Rioja, eneo la mvinyo ambamo mji wa Haro umo, ambaye alinisaidia kila Kihispania changu kilipopwaya.

Tukiwa bado ndani ya treni baba alinipigia simu. Kwetu Februari ni mwezi wa mavuno, naye alikuwa amevuna tangu juzi yake, kreti zimepangwa chini ya mti mbele ya nyumba, na lori la mnunuzi aliyetuahidi lilikuwa halijafika. “Mwanangu, zimeanza kuvuja,” aliniambia, kisha akaniuliza kama nimekula. Sikuwa na la kumjibu kuhusu zabibu. Zabibu iliyokwisha kukatwa katika jua la Dodoma haina subira. Siku ya pili nyuki wanajaa, siku ya tatu unasikia harufu ya siki kabla hujaufikia mti wenyewe. Niliingia Haro nikiwa na harufu hiyo kichwani, ingawa hewa ya nje ilikuwa baridi na safi.

Eneo linaloizunguka stesheni hiyo huitwa Barrio de la Estación, yaani Mtaa wa Stesheni, na viwanda vya mvinyo vimesongamana pale ukuta kwa ukuta. Chanzo chake ni msiba wa watu wengine. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 mdudu mdogo aitwaye filoksera, anayenyonya mizizi, aliiangamiza mizabibu ya Ufaransa, na wafanyabiashara wa Kifaransa wakavuka mpaka kutafuta mvinyo; reli ikaufanya mji wa Haro kuwa mahali pa kupakilia mapipa. Rafael López de Heredia alikianzisha kiwanda chake mwaka 1877, na hadi leo kimo mikononi mwa ukoo wake. Baadaye mdudu huyo aliifikia Rioja nayo, mizabibu ikafa, na wakulima wakalazimika kupanda upya kwa kuunganisha vikonyo vya kwao na mashina ya Kimarekani ambayo mizizi yake humstahimili. Shamba kubwa la ukoo wa López de Heredia, Viña Tondonia, lenye takriban hekta 100, lilipandwa kati ya mwaka 1913 na 1914 mahali ambapo mto Ebro umejikunja. Langoni pana banda la kisasa lililosanifiwa na Zaha Hadid, nao wageni wengi hupiga picha hapo, lakini mimi nilikuwa na haraka ya kuiona karakana ya mapipa.

Ni kiwanda kimojawapo kati ya vichache vinavyojitengenezea mapipa yao wenyewe. Mbao ni za mwaloni wa Marekani, kutoka milima ya Appalachia, nazo huachwa nje kwa miaka zipigwe na mvua na jua kabla ya kuguswa na fundi. Fundi tuliyemkuta alikuwa mzee mwenye mvi na vidole vifupi vinene, anayefanya kazi bila kuinua kichwa. Alisimamisha mbao kwa duara ndani ya pete ya chuma, akawasha moto wa vipande vya mwaloni katikati yake, akawa anazilowesha kwa nje huku moto ukizipasha kwa ndani, na taratibu zikaanza kupinda kama upinde. Hakutumia gundi wala msumari. Kwenye maungio ya kifuniko alipachika majani makavu ya matete, yale yale ambayo kwetu husukiwa mikeka, akaniambia kwamba yakilowana huvimba na kuziba kabisa. Pipa moja huchukua lita 225.

Nilikuwa nimejiandaa kumuuliza kuhusu ladha. Kule chuoni tulikuwa tukizungumza juu ya mwaloni kama mpishi anavyozungumza juu ya iliki na mdalasini, kiasi gani cha moshi, kiasi gani cha vanila, na mimi nilikuwa na daftari lililojaa maswali ya namna hiyo. Fundi alinisikiliza, akaniita karibu na pipa kuukuu alilokuwa akilitengeneza, akang’oa ubao mmoja uliokuwa umepasuka, kisha akaukata kwa msumeno mbele yangu. Upande uliogusa mvinyo ulikuwa mweusi unaong’aa, upande wa nje ulikuwa wa kijivu, na kati yake, ukianzia pale penye weusi, palikuwa na mstari wa zambarau uliopenya ndani ya mbao milimita chache tu. Akaweka ukucha wake juu ya mstari ule. “Hapa ndipo mvinyo ulipofika kwa miaka yote hiyo,” alisema, na mwenzangu akanitafsiria. “Ladha ya mbao inakwisha mapema, kijana. Baada ya hapo pipa linabaki na kazi moja tu, kupumua.”

Tulishuka kwenye mahandaki. Yamechimbwa kwa mikono ndani ya mwamba wa mchanga, na joto lake halibadiliki sana kati ya kiangazi na baridi, hivi kwamba mimi niliyekuwa nikitetemeka juu nilihisi nafuu chini. Kuta zote zimefunikwa na ukungu mweusi, laini kama manyoya, na utando wa buibui unaning’inia kila kona. Hakuna anayeufagia, kwa sababu buibui huwala nondo ambao mabuu yao hutoboa vizibo. Mapipa yamelala safu juu ya safu hadi macho yanashindwa kuyafuata. Wafanyakazi wawili walikuwa wakiuhamisha mvinyo kutoka pipa hadi pipa ili kuutenga na mashapo, kazi inayofanywa hapo kwa mikono mara mbili kwa mwaka. Mmoja aliuacha utiririke polepole, akawa anakinga kidogo kwenye glasi na kuiinua mbele ya mshumaa, tena na tena, na mara tu alipoona wingu jembamba ndani ya glasi alifunga bomba. Mashapo ya mwisho ambayo hayashuki yenyewe huvutwa kwa ute wa mayai mabichi. Mvinyo wenyewe hauchujwi.

Nilisimama pale muda mrefu kuliko ilivyopangwa, na nadhani ndipo nilipouelewa mwaloni. Pipa huruhusu hewa kidogo mno kupita. Hewa hiyo, siku baada ya siku, huilainisha tanini iliyokuwa ikikwaruza ulimi, huishikamanisha na rangi, na ule wekundu mkali hugeuka kuwa rangi ya tofali la kuchoma. Sheria za Rioja zinataka mvinyo mwekundu unaoitwa Reserva ukae angalau miaka 3, mmoja wake ndani ya mwaloni, na Gran Reserva angalau miaka 5, miwili ikiwa ndani ya mwaloni. Tondonia ya Reserva, mvinyo unaoitwa kwa jina la shamba lile, hulala kwenye mapipa kwa takriban miaka 6, halafu chupani miaka mingine. Niliyahesabu mapipa ya safu moja nikafika 40 nikaacha, maana kila nilipohesabu nilikuwa ninaona kreti za baba chini ya mti. Watu hawa walikuwa na haki ya kungoja kwa sababu zabibu zao zilipokatwa zilikuwa na mahali pa kwenda siku hiyo hiyo. Mkulima wa kwetu hakosi subira. Anakosa tangi, na barabara ya kulifikia.

Mwishoni mwa handaki pana chumba wanachokiita El Cementerio, Makaburi, ambamo chupa za miaka ya zamani zimelazwa chini ya tabaka la ukungu nene kiasi kwamba huwezi kujua ni chupa hadi uguse. Hatukufunguliwa hizo. Tulionjeshwa Tondonia nyekundu ya Reserva, iliyovunwa zaidi ya miaka 10 kabla ya siku ile: robo tatu zabibu za aina ya Tempranillo, sehemu iliyobaki aina ya Garnacho pamoja na Graciano na Mazuelo kidogo. Harufu ya kwanza ilikuwa ya majani makavu na ngozi, ya pili ilikuwa ya matunda yaliyokaushwa, na baada ya kumeza kukabaki uchachu safi uliofanya mate yanijae kinywani kama ninapokula embe mbichi. Mbao sikuisikia peke yake mahali popote. Nilimfikiria baba, ambaye kwa zaidi ya miaka 20 amelima zabibu lakini mvinyo aliowahi kuuonja ni ule mchuzi wa zabibu unaouzwa kwa madumu ukiwa na wiki chache tu, na nikaona haya kukimaliza kile kilichobaki kwenye glasi.

Tulipopanda juu nilimrudia fundi kumuaga. Nilimwambia kwamba baba yangu naye ana mizabibu na kwamba siku hiyo mavuno yake yalikuwa yanaharibika. Aliuliza ni nchi gani, akauliza mara mbili kama kweli sisi huvuna Februari, kisha akakaa kimya. Aliokota kile kipande cha ubao alichokikata asubuhi, akakipangusa kwenye aproni yake na kunipa.

Lori lilifika siku ya tano. Lilichukua kreti chache zilizokuwa juu, nyingine baba alizimwaga shambani zikawa mbolea, na ada ya mdogo wangu muhula ule ilitokana na mbuzi wawili. Mimi nilirudi nyumbani mwaka uliofuata nikiwa na kile kipande ndani ya soksi, katikati ya sanduku. Baba alikigeuzageuza mkononi, akakinusa kwa muda mrefu macho yakiwa yamefumba, akaniuliza mvinyo ule ulikaa humo miaka mingapi. Nilipomjibu alirudia hesabu hiyo kwa sauti ndogo. Anakiweka kwenye kopo moja na mkasi wake wa kupogolea, na wakulima wenzake wakija humpa kila mmoja akinuse. Harufu sasa imepungua sana, lakini ule mstari wa zambarau bado upo, mwembamba kama ulivyokuwa siku ile chini ya ukucha wa fundi.