Ukisikia jenereta inazama usingoje

Jenereta ikielemewa haianzi kukwambia kwa taa, inakwambia kwa sauti. Sisi tunaofunga umeme kwenye maharusi tunaijua hiyo, mlio uliokuwa umetulia unaanza kushuka, unakuwa mzito kama lori linalopanda mlima na gia kubwa, alafu ndo unaona feni inapunguza spidi na globu zinakuwa nyekundu. Hapo una sekunde chache sana.

Kuna harusi moja Tanga umeme ulikuwa umekatika toka mchana, nkaleta jenereta ya dizeli ya kilowati sita. Taa, mziki na mafriza mawili ya soda iliyabeba vizuri na nafasi ilibaki. Saa tatu usiku kina mama wa jikoni wakachomeka majagi matatu ya kuchemshia maji ya chai kwa mpigo, hawakusema kitu. Mi nimekaa pembeni na sahani ya pilau nkasikia mlio unazama, nkaweka sahani chini nkakimbilia ekstensheni, nkachomoa mafriza yote mawili na jagi moja, na kabla sijasimama sawasawa sauti ikapanda na taa zikarudi. Bibi harusi alikuwa anaingia ukumbini muda huohuo, wala hakujua. Mjomba wa bwana harusi ndo aliona, akanijia juu, "Fundi, soda zitapata moto, nani kakutuma?" Nkamwambia mzee wangu, friza likikaa nusu saa bila umeme soda bado ni za baridi, ila hii mashine ikizima tunazima wote, na kuiwasha upya ni kazi nyingine.

Na ni kazi kweli. Mwaka mmoja kabla ya hapo, kwenye shughuli nyingine, nlichelewa kuchomoa na ikazima, nkaiwasha vitu vyote vikiwa bado vimechomekwa, ikazima, nkaiwasha tena, ikazima. Friza linapoanza kuzunguka linavuta mara kadhaa ya ule umeme linaotumia likishatulia, sasa yakianza yote pamoja mashine haina la kufanya. Mpaka nlipochomoa kila kitu nkarudisha kimoja kimoja ndo ikakubali.

Gridi ya taifa ni jambo hilohilo kwa ukubwa wa kutisha. Mashine za vituo vya umeme vya Mtera, Kidatu, Kinyerezi, zote zinakwenda kwa mwendo mmoja wa hezi 50, yani umeme unapiga mawimbi 50 kwa sekunde, ni kama watu waliobeba mtumbwi mmoja mabegani. Mmoja akiuachia ghafla uzito haupotei, unawahamia waliobaki. Kwa sekunde za mwanzo kinachookoa ni uzito wa yale marota makubwa yanayozunguka, hayapungui spidi mara moja, alafu gavana, vile vifaa vinavyorekebisha mwendo wa mashine, zinafungua maji au gesi zaidi, na kama haitoshi na hezi zinazidi kushuka kuna vifaa vinakata baadhi ya laini vyenyewe bila kumuuliza mtu. Visipowahi kukata, mashine zinaanza kujitoa moja moja ili zisiharibike, na kila inayojitoa inaongeza mzigo kwa wenzake.

Juni 7 mwaka 2016 Kenya nzima iliingia giza kwa sababu tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha Gitaru kule mto Tana akaangukia transfoma. Watu wanamkumbuka tumbili, na alipona kweli, akachukuliwa na watu wa wanyamapori. Mi nakumbuka kilichofuata, transfoma ilikata, mashine nyingine za kituo hichohicho zikaelemewa na zenyewe zikakata, zikaondoka zaidi ya megawati 180, na gridi ikaanguka. Tumbili alikuwa mwanzo tu. Mwaka mwingine ingekuwa radi, au mti, au bundi.

Radi ndo iliyowapata Uingereza Agosti 9 mwaka 2019. Ilipiga laini jioni, na karibu wakati mmoja wakapoteza umeme mwingi wa upepo wa Hornsea baharini na mtambo wa gesi wa Little Barford, jumla ikazidi akiba ya megawati 1,000 waliyokuwa wameiweka tayari. Hezi zikashuka mpaka 48.8. Vile vifaa vikakata wateja zaidi ya milioni moja, kama asilimia tano ya mzigo, na gridi ikasimama. Ndani ya kama dakika 45 wote walikuwa wamerudishiwa umeme. Kuna treni zilikwama masaa mengi, na hasira za abiria nazielewa kabisa, lakini hiyo asilimia tano ndo iliyowaokoa 95 waliobaki.

Kwaiyo naumia nikisikia mtu anaita mtambo uliokaa na nafasi eti ni hasara. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mashine tisa, kila moja megawati 235. Najivunia sana lile bwawa, lakini mashine moja ya ukubwa huo ikidondoka usiku watu wamelala na matumizi yako chini, lazima kuwe na nguvu nyingine imekaa inasubiri, na hiyo inayosubiri inagharimu hela kila siku hata kama haijaguswa mwaka mzima.

Alafu kuna sisi watu, ambao hakuna gavana anayetuweza. Tangaza mgao saa sita mchana, saa tano mtaa mzima unapiga pasi, unajaza matanki kwa pampu, unachaji kila kitu, mzigo umesogea tu haujapungua. Usipotangaza ni mbaya zaidi, kila mtu anaishi kwa kuhofia na akiuona umeme anauvuta wote. Na mtaa uleule ukikatwa kila wiki huku mtaa mwingine haukatwi kabisa, watu wanaacha kusikiliza matangazo, wanafanya yao. Ratiba ya haki na inayofuatwa ni kifaa cha gridi kama transfoma ilivyo kifaa.

Kwangu umeme ukikatika nazima friji na pampu, naacha taa ya barazani tu. Ikiwaka nangoja kama dakika kumi ndo nawasha friji, pampu baadae kabisa. Jirani aliniuliza mbona nakaa nje naangalia globu, nkamweleza habari ya yale mafriza ya Tanga. Juzi umeme umekatika nkamsikia anamwita mwanae, "Nenda kazime pampu kwanza."