Wanja wa Bibi na sindano za mjomba

Sindano ile niliiiba mimi. Naanza na hilo kwa sababu mjomba hadi leo anaamini ilipotelea kwenye pamba.

Ilikuwa mwaka 1991, Lamu, mtaa wa Langoni, siku nne kabla ya harusi ya mama mdogo. Nyumba imejaa wanawake mpaka ngazini, hina imekorogwa, na mtu hapati pa kuweka mguu. Mjomba, aliyekuwa akisomea miamba chuo kikuu Nairobi, alishuka jetini na mkoba mmoja wa nguo na kasha la viatu alilolipakata kama mtoto mchanga. Ndani ya kasha, katikati ya pamba, mlikuwa na shada la sindano.

Sote tuliona sindano, si jiwe. Nyembamba, za kijivu kinachong'aa, zimesimama pamoja kama miba ya nungu, na ubavuni mwa kila moja mistari myembamba imepanda toka shina hadi ncha. Bibi alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya leso, akaivaa tena.

"Nani kakaa kitako kuzichonga hizi?"

"Hakuna, Mama. Zimeota hivyo hivyo ardhini." Lilitoka Hunan, Uchina, na mwalimu wake alikuwa amemwazima tu. Ni antimoni, kitu cha jamii ya metali, iliyoshikana na kiberiti, alisema, si kile cha kuwashia moto bali ile salfa ya njano. "Jina lake stibnaiti. Maana yake ni wanja."

Bibi akacheka. Kwake yeye wanja ulikuwa wanja wa manga, unaotoka Arabuni, basi. Mjomba akakaa kwenye jamvi akaanza kumpigia hesabu ya jina. Wamisri wa kale walikuwa na neno lao la rangi ya macho. Wayunani wakalichukua, wakasema stimi. Warumi wakalifanya stibiumu, na ndiyo sababu wanakemia wanaiandika antimoni kwa herufi Sb, ambazo hazimo kabisa katika jina antimoni. Waarabu nao wana ithmidi.

Aliposikia ithmidi Bibi alinyanyua mkono. Hiyo alikuwa akiijua, kwani Mtume (SAW) aliisifu kuwa huangaza macho na kuotesha kope. "Kumbe Wazungu jiwe wameliita kwa mato," akasema, mato kwa Kiamu chake ni macho, na nilimwona ameridhika kama aliyelipwa deni la zamani.

Hapo mjomba angenyamaza, harusi ingepita salama. Lakini alikuwa na miaka ishirini na mbili. Akaongeza kwamba hata alkoholi imetoka kwenye wanja: Waarabu huuita al-kuhli, Wazungu wakalichukua neno kwa maana ya unga laini kabisa, kisha kwa kiini chochote kilichochujwa, mwisho likaishia kwenye chupa.

"Astaghfirullah! Wanja na tembo?"

Wanawake wa ngazini walicheka hadi mmoja akamwaga hina. Bibi hakucheka. Aliingia chumbani, akarudi na kitambaa cha melimeli alichofungia jiwe lake mwenyewe, lile aliloletewa na mahujaji, ambalo alikuwa akilitwanga kinuni na kulichekecha mara tatu. Aliliweka mbele ya mwanawe. Sasa tuone, alitaka kusema, nani mwenye wanja.

Mjomba alilipima mkononi na uso ukambadilika. Lilikuwa zito kupita ukubwa wake. Akaligonga kwa mchi. Halikutoa sindano hata moja. Lilivunjika vidude vya pembe nne, kama dadu. Akaomba mshumaa na koleo. Sindano yake moja, ilipoguswa na moto, ncha ililegea ikadondoka kama nta, na chumba kikanuka kiberiti. Kidadu cha Bibi kilikaa kwenye moto ule ule, kizima. Stibnaiti huyeyuka kwenye nyuzi 550 hivi za Selsiasi. Jiwe kama la Bibi hutaka zaidi ya 1,100, na mshumaa hauwezi kuifikisha huko.

"Mama, hii ni galena. Ni risasi, ile metali nzito, na kiberiti. Ni sumu."

"Nimewatia mato wanangu saba kwa jiwe hili. Wewe ulikuwa wa tano. Kipofu yuko wapi?"

Sikumbuki mjomba alijibu nini; nadhani hakujibu. Nilipokuja kusoma mwenyewe nilijua alisema kweli kuhusu risasi, hasa kwa watoto wanaojifuta macho kisha kunyonya vidole. Lakini nilijua pia kwamba antimoni yake si maji ya mvua: nayo ni sumu, na moshi ule tuliounusa sote haukufaa. Hilo hakumwambia Bibi. Kijiwe cha China na kijiwe cha mahujaji vilikuwa vimeishi chini ya jina moja sokoni, na unga ukishasagwa hakuna wa kuuliza ulikuwa sindano au dadu.

Siku ya harusi mama mdogo alitiwa wanja wa masizi. Bibi aliwasha taa ya mafuta usiku, akaifunikia bakuli la udongo, akakwangua weusi na kuuchanganya na samli, bila kumsemesha mtu. Mjomba hakuthubutu kumshukuru.

Usiku ule ule nilichomoa sindano yangu kwenye kasha. Nilitarajia initoboe kidole. Badala yake ilipinda kidogo, kisha ukucha wangu ukaacha alama juu yake, na kidole kikabaki cheusi kama nimeshika mkaa. Niliificha kwenye kidaka, nyuma ya sahani ya kichina.

Asubuhi Bibi aliniita, "Ndoo hapa," yaani njoo. Alikishika kidole changu, akakitazama, akakifuta kwa leso yake bila kuuliza. Alikuwa ameinama karibu sana, nikaona vizuri: macho yake mwenyewe yalikuwa yametiwa wanja upya, mweusi wa kung'aa, kutoka kwenye kichupa cha wanja wa jiwe lake la zamani.