Kaa Chini Kwanza

Jumapili iliyopita mdogo wangu alipiga simu ya video kutoka Columbus, Marekani. Hata salamu hazijaisha, akamgeuzia mwanawe kamera. Kijana kasimama katikati ya sebule, begani kwake katulia mjusi wa njano mwenye madoadoa meusi, mkia umenona kama kidole gumba cha mvuvi.

"Mjomba, ndiye huyu!"

Sijafungua mdomo, mama yake keshadakia. "Kaa chini! Nimekwambia mara ngapi? Ukimtoa, unakaa chini, kwenye zulia."

"Mama, sijawahi kumwangusha."

"Muulize mjomba wako kwa nini."

Bando langu likakata palepale. Vocha ilikuwepo mezani. Sikuikwangua.

Miaka yote hii nilidhani hajui.

Ilikuwa 1998, baada ya zile mvua za El Niño, tukiwa bado Isamilo, Mwanza, kwenye ile nyumba iliyoegemea jabali. Mimi darasa la sita, yeye la kwanza. Mjusi alikuwa wake. Si wa kununua kama huyu wa mwanawe. Mjusi kafiri wa ukutani tu, wale wa kijivu wanaovizia wadudu kwenye taa ya baraza. Alimkuta asubuhi ndani ya sufuria, kashindwa kupanda kwa sababu ya mafuta, akamhamishia kwenye kopo la maziwa ya unga tulilolitoboa kwa msumari. Bibi wa jirani hakutakiwa kujua. Kwake yeye, huyo ndiye aliyeupuliza moto aliotupiwa Nabii Ibrahimu ili uzidi kuwaka, na kandambili yake ilikuwa haikosei. Mama alijua, akasema tu kopo lisikaribie unga.

Mdogo wangu ndiye aliyegundua mayai. Ukimweka yule mjusi mbele ya mwanga, ngozi ya tumbo ilikuwa nyepesi kama karatasi ya maandazi iliyolowa mafuta, na ndani unaona vitu viwili vyeupe, kimoja kushoto kimoja kulia. Akavipa majina ya mapacha siku hiyohiyo: Kulwa na Doto. Ungemsikia anavyoongea navyo kupitia matundu ya kopo.

Siku yenyewe alikuwa ametumwa dukani. Wavulana wawili wa mtaani walikuja, nikajitapa kwamba tuna mjusi unayeweza kuona watoto wake tumboni. Hawakuamini. Nikalichukua kopo, nikapanda nalo juu ya jabali ili nipate jua zuri. Chini yangu, kimo cha mlango na zaidi, palikuwa na sakafu ya saruji ambapo mama alikuwa akifulia.

Nikamweka kwenye kiganja. Alikuwa wa baridi kidogo, mwepesi hivi kwamba ukifumba macho unaweza kusahau kama kuna kitu. Vidole vyake vilinishika na kuniachia, vinishike tena, kama gundi ambayo haijakauka. Nikainua mkono kwenye jua. Wale wavulana wakasema "aah" kwa pamoja. Kulwa na Doto walionekana vizuri kuliko siku yoyote.

Halafu akaanza kutembea. Kiwiko. Mkono wa shati. Nikahisi anaingia kwapani.

Niliutikisa mkono. Basi, ni hilo tu. Sikumtupa, wala sikutaka aanguke. Mkono ulijitikisa wenyewe, kama unavyojitikisa kwa siafu.

Kishindo chake kilikuwa kidogo, tone la kwanza la mvua kubwa kwenye bati. Kilichokuwa kinarukaruka pale chini kilikuwa mkia, peke yake, kwa nguvu za ajabu. Mwenyewe alikuwa pembeni, ametulia. Nilipomfikia alijaribu kukimbia, miguu ya mbele ikaenda, ya nyuma ikaburuzwa. Tumbo sikulitazama. Nililiona, lakini sikulitazama.

Wavulana wakaondoka bila kuaga. Nilimsukumia kwenye ufa wa jabali kwa jani la mwembe, nikafunika kopo tupu, na mdogo wangu aliporudi nikamwambia katoroka.

Usiku ule wadudu wa ziwani walikuja wengi, baraza likajaa, na mijusi ikatoka kwenye silingi bodi kula. Mdogo wangu akavuta stuli chini ya taa. Kila mjusi aliyepita karibu na balbu alimkagua tumbo. "Si huyu. Si huyu." Mama alimwita kulala mara tatu. Mimi nilikuwa dirishani nasikia.

Yale niliyopaswa kuyajua siku ile nimeyajua mwaka huu, kwa sauti ya mpwa wangu kwenye WhatsApp, maana anapenda kunitumia mafundisho. Kwamba mjusi wake asili yake ni sehemu kame za Pakistani na Afghanistani, hana zile nyayo za kunata za mjusi wetu, ana kucha tu, kwa hiyo begani ni rahisi kuteleza. Kwamba mkia ndio ghala lake la mafuta; akishtuka sana anaukata, na unaoota badala yake haufanani na wa kwanza. Usimchukue kwa juu, ndivyo ndege wanavyomchukua. Weka kiganja mbele yake apande mwenyewe, halafu kiganja kingine mbele ya hicho, kama anapanda ngazi isiyoisha. Na uwe umekaa chini, ili akikuponyoka aangukie mapajani.

Hilo la mwisho ni la mama yake, ninaijua sauti yake humo.

Tulikuwa tukiamini mjusi wa ukutani haanguki, kwani si anatembea darini kichwa chini? Ana vinyweleo vidogo mno vidoleni, ndivyo vinavyomshikilia. Lakini dari halisikii mtekenyo. Mkono unasikia.

Sijui alijuaje. Huenda wale wavulana walisema. Huenda aliuona mkia. Sikumbuki niliupeleka wapi, na hili limenisumbua wiki nzima kuliko lilivyopaswa. Au labda aliangalia tu nilivyokuwa simtazami machoni, akanyamaza, akakua, akaolewa, akahamia Marekani, akazaa, na kumfundisha mwanawe kukaa kwenye zulia.

Kesho Jumapili. Nimeweka bando la wiki, nisiwe na kisingizio. Sijaamua nianze kumsimulia mpwa wangu yaliyotokea kule juu ya jabali, au nimwombe kwanza anipe mama yake.