Nikasema asante

Nilisema asante. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi tangu Jumatatu, wala si maneno yake.

Profesa wangu wa pili huku Marekani mnamjua, yule wa kamati ya tasnifu yangu ambaye nilishawaambia hakumbuki jina langu mpaka achungulie karatasi. Nilimpelekea sura ya pili, ile ya gesi inayotokana na mabaki ya mkonge. Akafungua ukurasa wenye jedwali, akaligonga mara mbili kwa kifuniko cha kalamu, akasema, "Hii imeandikwa vizuri sana. Nani alikusaidia?"

Nami, mtu wa Tanga niliyefundwa adabu kabla ya kufundishwa irabu, nikajibu, "Asante."

Asante ya nini? Ningemwambia nimesaidiwa na kamusi. Ningemwuliza yeye ya kwake aliandikiwa na nani. Majibu yote hayo yamekuja baadaye, kwenye basi, bafuni, na juzi mbele ya jiko mpaka ugali ukashika chini. Nimejaribu hata kumtetea: labda huwauliza wote. Basi nikamwendea mwenzangu tunayekaa naye meza moja maabara, kijana wa Iowa. Akaniambia yeye sura zake hurudi zimejaa duara za wino mwekundu, tahajia tupu, lakini kuulizwa kama kazi ni yake, hajawahi. Kisha akaniangalia kwa huruma, na huruma yake ikaniuma kuliko swali.

Afadhali yule aliyenikabidhi mfuko wa taka mwaka wa kwanza akidhani nimekuja kufagia. Yule kosa lake lilionekana, akaiva uso, tukayamaliza. Hili la sasa limekuja limevaa sifa. Utalishika wapi?

Kwa taarifa tu: Jumatano nimefaulu mtihani wa kuruhusiwa kuendelea na tasnifu, na mahari ya kaka imepokelewa Korogwe.

Usiku ule wa Jumatano badala ya kusherehekea nilikuwa namfikiria Georgiana Simpson, mwanamke mweusi wa Marekani. Kiangazi kilichopita nilipokwenda Chicago nilisimama mbele ya sanamu yake pale chuo kikuu. Aliingia pale mwaka 1907, mwalimu mtu mzima kutoka Washington, akapewa chumba bwenini. Wanafunzi wa Kizungu wakalalamika, na mwishowe rais wa chuo, Harry Pratt Judson, akaamuru atoke. Akatoka bwenini, shule hakuiacha. Akapanga nje, akasoma vipindi vya kiangazi na kwa posta, mpaka mwaka 1921 akapata shahada ya uzamivu, miaka imeshapita 50, na somo lenyewe Kijerumani! Mwaka huo wanawake weusi watatu Marekani walipata shahada hiyo, wa kwanza kabisa, naye mmoja wao. Sanamu wameiweka mwaka 2017, inatazamana na sura ya Judson iliyochongwa ukutani. Niliipenda sana hiyo. Lakini nilichotaka kumwuliza ni kidogo tu: bibi, siku ile walipokwambia ufungashe, ulijibu nini? Au nawe ulisema asante?

Jana nikampigia mama. Huku saa tano usiku, kwao saa moja asubuhi, nasikia mafuta ya vitumbua yanachacharika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti hiyo, na mtihani umefaulu?"

Nikamweleza yote. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sasa si ungemjibu? Shangazi yako wa Pangani aliuza cherehani ukaenda kidato cha tano. Mwalimu wa hesabu alikuwa anakubakiza jioni, hataki hata senti. Na hivi vitumbua, unadhani vilikuwa vinakwenda wapi? Hukumtajia?"

"Mama, hakuuliza hivyo."

"Kwani aliuliza vipi?"

Nikajaribu kumfafanulia, nikakwama. Nikilisema kwa Kiswahili, kwa mama yangu, swali linakuwa swali tu, na lina majibu tele. Aliendelea kuhesabu watu mpaka akafika kwa muuza mafuta ya taa aliyekuwa akitukopesha, nikacheka mpaka mwenzangu wa chumba cha pili akagonga ukuta.

Nilipokata simu niliwasha kompyuta nikaanza ukurasa wa shukrani, ijapokuwa tasnifu yenyewe bado miaka miwili. Cherehani ndiyo ya kwanza. Ijumaa nina kikao na profesa yule tena. Sijui nitasema nini, asante hapana.

Ila kuna jambo mama alilitaja mwisho kabisa, kama vile halina uzito: ule mwembe wa nyuma umeinamia paa la jirani, na mvua za masika zimeanza. Nimemwuliza kaka kama ameshatafuta mtu wa msumeno. Ujumbe ameusoma, hajajibu.